Limevunjika au Umelivunja?

Mmeniuliza kwa simu, zaidi ya mara moja, namna ya kuosha bakuli lenye maji ya dhahabu ukingoni, na kila mara nimewajibu mbio mbio, kwa sababu tangu nilipostaafu na kurudi Mombasa kila mtu anaona sina kazi, basi ananipa yake. Leo nimefunga mlango. Wajukuu nimewaambia bibi yao amesafiri. Nitawaandikia, nyinyi mnaovishika vyombo vya Madam pale Jumeirah Lake Towers, Dubai, yale ninayoyakumbuka ya kazi yetu. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, hayo kawaulizeni wengine. Mimi nitasema habari za vyombo, na za watu waliovishika.

Kabla ya Madam nilikuwa hoteli moja ya Al Rigga, kazi yangu kupanga vikombe vya chai ya asubuhi. Vikombe vya hoteli ni vizito, ukikiangusha kimoja sakafu ndiyo inayoumia. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa kwetu Kibokoni, aliyekuwa na duka Deira, akaniambia kuna mama anatafuta mtu wa mikono. Nikamuuliza, mikono ya kufanya nini? Akasema, "Ya kutofanya kitu, shoga. Ana vyombo vya kale chungu nzima na kila anayeajiriwa anavunja."

Madam alinipokea ghorofani, katika nyumba ile ile mnayoijua, isipokuwa makabati wakati huo yalikuwa machache na kochi lilikuwa bado lina nafasi ya mtu kukaa. Familia yake asili yao Unguja, lakini yeye alisomeshwa Uingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: alijua majina ya vyakula vyote na amri zote, ila sentensi ndefu ilimshinda katikati ya njia. Hakuniuliza vyeti. Aliweka kikombe mezani, chembamba hata mwanga unapita, akasema, "Shika." Mimi kabla ya kushika nikavua bangili zangu, nikavua na pete, nikaziweka mfukoni. Ndipo nikakishika kwa mikono miwili, mmoja chini.

"Nani amekufundisha kuvua bangili?" akauliza.

"Mama yangu, madam. Kwa kofi."

Akacheka, nikaajiriwa. Baadaye alinitembeza. Kwenye kabati la mwisho nilikuta sahani za Kiholanzi zenye maua mekundu na majani, zile zilizotengenezwa Ulaya zije kuuzwa pwani yetu. Mama yangu alikuwa nazo ukutani, vidakani, nasi watoto tulikatazwa hata kuzitazama kwa muda mrefu. Nikaziona pale zimewekewa taa ndogo, kila moja na taa yake, na machozi yakanitoka mbele ya bosi siku ya kwanza ya kazi. Sioni haya kuyasema. Mama alikuwa amefariki karibuni na sahani zake tulikuwa tumegawana bila mpango.

Mnajua kilichomo makabatini, lakini hamkuviona vikija kimoja kimoja. Kwa Waingereza lilitoka jagi la umbo la hindi la kuchoma, na punje zake na maganda yake ya kijani. Waamerika wa Ohio walituletea vasi za maua za kijani kibichi zisizong'aa, rangi ya tango lililosahauliwa, na Madam akiziita kazi ya mikono ya hali ya juu. Mimi nilizifuta vumbi kwa heshima ile ile, lakini mapenzi hayalazimishwi. Kwa Wajerumani zilitoka sanamu za wachunga kondoo wa kike wenye vidole vyembamba kama mchele wa pishori, na vidole hivyo ndivyo vinavyovunjika kwanza. Halafu wale mbwa wa kauri, jozi, wameketi wanakutazama. Mbwa hawa walileta ugomvi nyumbani.

Ugomvi ulikuwa na Bibi, mama yake Madam, aliyekuwa akiishi naye. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Dubai na watoto wadogo, na Kiunguja chake hakikuchujuka hata tone. Kila wakati wa sala alikuja na kanga akawafunika mbwa wale wote wawili. "Wanangu wa Kizungu, laleni kidogo," huwaambia, kisha anakwenda kuswali chumba cha pili. Kahawa yake alikunywa kwa kikombe cha Kifaransa ambacho Madam alikitafuta kwa tabu kukamilisha seti. Madam akilalamika, Bibi humjibu, "Kikombe hiki kimekwishaona wanywaji wengi kabla yangu, na wote wamekufa. Mimi nataka nini tena?"

Sasa kanuni, maana ndizo mlizoniulizia. Sinia ya kuoshea itandikwe taulo nene. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, na chenye maji ya dhahabu kisiloweshwe kabisa, kifutwe kwa pamba iliyobanwa ikabaki na unyevu tu. Msitie limau, hata mkiona doa. Limau ni la sinia za shaba na wali wa samaki. Chombo hakinyanyuliwi kwa mkono wake, mkono wa chombo ni pambo, nanyi si mnajua mtu hanyanyuliwi kwa sikio. Sanamu zinakaa juu ya chembe ya nta ili mtikisiko wa lifti usizitembeze. Na kitu kikitoka juani, kiacheni ndani ya boksi lake mpaka kipoe kwa nafasi yake ndipo mkifungue. Hii ya mwisho tuliijua kwa gharama, na nitaifikia.

Aliyenifundisha mengi ya haya ni Fundi Haji, muunga vyombo vilivyovunjika. Karakana yake ilikuwa Ras Al Khor, katikati ya mtu wa rejeta na mtu wa gia boksi, na wateja wake wapya wote walipita mara mbili wakidhani wamepotea. Ndani, meza yenye blanketi, taa, brashi za manyoya laini, vijiti vya mianzi, na redio ya kusikilizia mpira. Alikuwa Mzanzibari mkali wa maneno, hasa timu yake ikifungwa, na siku hizo nilijifunza kuvisubirisha vyombo mpaka kesho. Kitu cha kwanza alichonifunza ni kugonga. Unalaza chombo kwenye kiganja, unakigonga kwa kucha, unasikiliza.

"Kikilia ni kizima," alisema. "Kikikaa kimya, kina jambo."

"Kama watu, fundi."

"Watu wanalia hata wazima, mwanangu. Wewe gonga sahani."

Mtu wa nne katika hadithi hii ni Barasa, dereva. Alitoka Bungoma, mzee wa kanisa lao pale walipokuwa wakikutana Ijumaa, kwa sababu Dubai hata Wakristo Jumapili yao iliangukia siku yetu. Alikuwa chini ya kafala ya Madam, yaani Madam ndiye kafeel wake, mwenye karatasi zake zote. Mabakuli makubwa ya supu yenye vifuniko aliyaita hotipoti za wazungu, na lile jagi la hindi akiliamkia kila asubuhi: "Mambo, mtu wa kwetu!" Lakini mkono alikuwa nao. Nilimfundisha kubeba, akajifunza upesi kuliko wasichana wote niliopewa kabla yenu, msinune. Kila alichokitoa kwenye gari alikitoa kwa mikono miwili, anapumua polepole, anatembea kama amebeba mtoto aliyelala. Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa ndio kwanza amepata nafasi chuo cha uuguzi, na picha yake aliibandika kwenye kikinga jua cha gari.

Wakusanyaji wana ugonjwa mmoja, nao ni jozi. Mtu akiwa na kimoja anaweza kulala. Akijua kwamba kimoja hicho kina mwenzake mahali fulani duniani, usingizi umekwisha. Madam alikuwa na bakuli la supu la Kijerumani, kubwa, limechorwa ndege na wadudu, na juu ya kifuniko kumekaa limau la kauri kuwa ndiyo kishikio. Bibi alilipa jina Kulwa, kama pacha anayezaliwa kwanza. "Kulwa akikosa Doto atakuwa mpweke," alisema kwa mzaha tu, lakini kwa Madam mzaha huo ukawa mwiba. Kwa miaka alimtafuta Doto. Alipiga simu kwa madalali wa Ulaya, alitazama minada kwenye kompyuta huku chakula kinapoa, alitumiwa picha za mabakuli ya matikiti, ya mapapai, ya makomamanga. Limau hapana. Nilimwona akizeeka kidogo kidogo mbele ya kioo kile cha kompyuta.

Halafu siku moja alitoka chumbani anapiga vigelegele, Madam yule, msomi wa Uingereza. Doto amepatikana. Limau, ndege, kila kitu. Alimnunua kwa picha, kwa simu, siku hiyo hiyo.

Bakuli likafika katikati ya kiangazi, kiangazi cha Dubai ambacho ukishika mlango wa gari unaacha ngozi. Barasa alitumwa kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Njiani Madam akampigia simu apitie Al Rigga amchukulie abaya kwa fundi cherehani. Abaya haikuwa tayari. Barasa akasubiri, gari likasimama juani. Alipopiga simu kuuliza aondoke au angoje, aliambiwa ngoja. Hayo nayajua kwa sababu simu niliipokea mimi, na jibu la Madam nililipeleka mimi.

Akaja nalo juu. Madam alikuwa bafuni akijitayarisha, ametuambia tufungue, atoke akute Doto yuko mezani kando ya Kulwa. Nikakata utepe, nikatoa nailoni ya mapovu. Barasa akaingiza mikono miwili, mmoja chini, kama nilivyomfundisha. Akanyanyua. Kwa macho yangu niliona bakuli lile likiachana katikati mikononi mwake, polepole, bila mlio, nusu huku na nusu kule, na yeye amesimama ameshika nusu mbili hajui aziweke wapi. Hakugonga popote. Hakuteleza. Kifuniko kilikuwa bado ndani ya boksi, kizima na limau lake.

"Dada Rukia," akanong'ona, "limevunjika."

Madam akatoka. Alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya bakuli lile, hata wanja amepaka. Akaona. Akauliza kwa Kiingereza kimetokea nini.

"It broke, madam," akasema Barasa.

"It broke. By itself?"

"Yes, madam. It just broke."

Hapo ndipo nyumba ilipowaka. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, chombo kikiachana mikononi mwake, husema kimevunjika. Ndiyo adabu na ndiyo kweli. Barasa alilitafsiri neno hilo moja kwa moja, na katika Kiingereza cha Madam, kile cha shule za bweni, hiyo ni kauli ya mtoto aliyeficha rungu nyuma ya mgongo. Mimi nikaingilia, nikasema nimeona, hakulipiga mahali. Akanigeukia: "Of course you saw. Nyinyi Wakenya mnafichana."

Kisha akamwambia Barasa jambo ambalo, ukilipima, lilikuwa la haki kwa upande wake. Alisema vitu vinavunjika, yeye mwenyewe amewahi kuvunja. Hilo anasamehe. Uongo hasamehi. "Sema tu, nimevunja. Say it. Na khalas, yamekwisha, urudi kazini."

Barasa alisimama pale na jasho linamtiririka ndani ya kiyoyozi. "Madam, samahani kwa bakuli. Nimeumia sana. Lakini sikulivunja."

Akaambiwa aweke funguo mezani.

Nilimfuata mpaka kwenye lifti. Nilimkasirikia, nawaambieni kweli, kwa sababu nilimwona kama mtu aliyeshikiwa mlango wazi akakataa kupita. "Barasa, ni neno moja! Sema umevunja, omba radhi, yaishe. Binti yako atasoma kwa huo ukaidi?"

"Dada, hebu fikiria," akasema. "Nikisema leo nilivunja kitu sijavunja, kesho kijiko kikipotea nitasema niliiba? Mimi hapa sina kitu. Sina ng'ombe, sina shamba, sina ndugu. Niko na jina tu. Hiyo nikiwapa, nitarudi home na nini? Hata huyo msichana atakuwa anasomeshwa na jina ya uongo."

Lifti ikaja, akaingia. Nilirudi ndani nikafunga zile nusu mbili kwenye blanketi, kama mtu anavyofunga maiti. Madam alikuwa chumbani kwenye simu na karani wake wa mambo ya uhamiaji, akimwambia afute visa ya dereva.

Nyumba ilikuwa nzito siku zilizofuata. Kulwa nilimgeuzia ukutani, Madam akamgeuza tena. Bibi, aliyekuwa amelala siku ya tukio, alipeleleza chini chini, mpaka asubuhi moja nilipompelekea kahawa akanishika mkono.

"Rukia mwanangu, lile bakuli. Limevunjika au kalivunja?"

"Limevunjika, Bibi. Niliona kwa macho yangu."

"Basi niitie binti yangu."

Madam akaja, akaketi kwenye mkeka mbele ya mama yake, simu mkononi. Bibi akamuuliza dereva alisema nini, kwa maneno yake. Madam akasema, alidai limevunjika lenyewe. Hata kwa Kiingereza, akasema, watu husema hivyo, lakini ni watoto wanaokwepa.

"Na kwa Kiswahili ulimuuliza?"

"Mama, tofauti iko wapi?"

"Tofauti!" Bibi akaweka kikombe chini. "Siku aliyokufa baba yako, nilikuwa nimekaa hapa hapa na tasbihi yangu, uzi ukakatika, shanga zikamwagika chumba kizima. Wewe ndiye uliyeziokota. Nani aliukata uzi ule? Niambie."

"Hakuna, mama. Ulikatika."

"Ahaa. Neno kumbe unalo. Kuna kukata na kuna kukatika. Kuna kuvunja na kuna kuvunjika. Sisi mtu tukimtaka tunamtaja, na asipokuwapo hatumzui. Wewe umemtaka mtu wa kumtia ndani ya neno, ukamtia Barasa kwa kuwa alikuwa karibu."

Madam akatazama simu yake kana kwamba jibu limo mle, kisha akaniambia nilete lile blanketi lenye bakuli.

Tulikwenda Ras Al Khor kwa teksi, maana dereva hatukuwa naye. Madam alipita kati ya injini zilizofunguliwa, abaya ameikunja mkononi isishike oili, na mtu wa gia boksi akazima mashine yake kwa heshima. Fundi Haji hakuuliza habari ya safari. Alizikalisha nusu zile mezani, akanusa ule ukingo, akazima taa, akawasha tochi yake ya mwanga wa zambarau. Pale palipoachana paling'aa mstari wa kijani kibichi, kutoka juu mpaka chini, mnono, wenye matone.

"Gundi," akasema. "Tena ya zamani. Hili lilishavunjika huko huko kwao. Mtu akaliunga, akapaka rangi juu ya kiungo, akauza akanyamaza. Likaja hapa, likakaa juani, gundi ikalainika kama halua." Akawasha taa. "Kama mnamtafuta mvunjaji, madam, huenda ni marehemu. Mnaweza kumsamehe."

Madam akagusa ile gundi, ikamwachia alama kidoleni.

"Na hamkuligonga kabla ya kununua?" Fundi akauliza.

"Nililinunua kwa simu."

"Simu inagonga?"

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, nikatazama redio. Madam akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuliunga lisionekane. Fundi Haji akasema anaweza. "Na aliyenitangulia aliweza vile vile," akaongeza, "ndiyo maana mko hapa." Akamwachia aamue. Madam akasema liungwe na mstari uachwe, lionekane kwamba limeungwa. Huo mstari mnaouona kwa Doto si uzembe wa mtu. Msije mkaupaka kitu.

Lakini visa ilikuwa imekwisha kufutwa, na karatasi ya uhamiaji ikishapigwa mhuri haina "samahani" wala "rudisha". Barasa ilibidi aondoke, hata kama ni kuondoka aombewe nyingine arudi. Nilimpigia simu nikamweleza aliyoyasema fundi. Akasema, "Asante, Dada. Mungu ni mwema." Nikamwuliza kama amefurahi. Akasema amechoka.

Siku ya safari yake Madam aliniambia nishuke naye. Chini kwenye maegesho akafungua mlango wa dereva, akaingia mwenyewe. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, lakini miaka mingi hakuwa ameshika usukani, na alikivuta kiti mbele mpaka kifua kikakaribia honi. Tulimchukua Barasa kwenye chumba alimokuwa amehifadhiwa na jamaa wa kanisani. Alipoona nani anaendesha akasimama na begi lake, hajui akae wapi. Madam akasema, "Nyuma, Barasa. Leo wewe abiria."

Maskini Barasa. Njia nzima, kila nikigeuka, nilimwona akikanyaga breki isiyokuwapo. Hakusema neno la ugomvi wala la urafiki, ila barabara ilimshinda kunyamaza. "Indiketa, madam." "Madam, huyo wa lori hajakuona." Na Madam, ambaye sikuwahi kumsikia akipokea amri, alijibu kila mara, "Haya."

Uwanjani, mahali pa kushushia abiria, askari alikuwa akipuliza filimbi na kupunga mkono, yalla, yalla. Madam hakujali. Alishuka, akazunguka gari, akasimama mbele ya Barasa. Nilishuka na mimi. Alikuwa amejiandaa kusema jambo, nililiona midomoni mwake, na hakulisema kwa Kiingereza.

"Barasa," akasema. "Moyo umevunjika?"

Barasa akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Haukuvunjika, madam," akasema, kwa upole kabisa. "Ulivunjwa."

Askari alipuliza tena. Madam akakunja uso, si kwa hasira. Alikuwa anatafuta neno, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba uliojaa, na Kiswahili chake cha jikoni hakikumpa kirefu.

"Mimi," akasema. "Mimi nimevunja."

Kauli ile ile aliyoitaka kwa Barasa akanyimwa, aliitoa yeye, mbele ya watu wanaoburuta masanduku. Barasa akavua kofia. "Nimesikia, madam," akasema. Alinipa mkono, akampa na Madam, akalitia begi begani. Hatua mbili akageuka, kwa sababu Barasa ni Barasa: "Ukitoka hapa, madam, shika leni ya kulia mapema. Lakini usilie ukiendesha."

Madam alilia, akashika ya kushoto, tukapotea mpaka Sharjah.

Visa mpya iliombwa na Barasa hakuja. Alipata kazi ya kuendesha basi la shule huko kwao na akasema watoto hawahitaji nta chini ya miguu. Binti alimaliza chuo. Karo ilitoka wapi sikuuliza, na Madam hakusema. Wakati mwingine nikiwa nawaosha Kulwa na Doto nilimkumbuka akiliamkia lile jagi la hindi, nikawa naliamkia mimi kwa niaba yake, na mpaka leo namkosa kuliko nilivyotegemea kumkosa mtu wa kazini.

Mmenihadithia kwa kicheko jinsi Madam anavyowapeleka Ras Al Khor na kiti chake kimegusa usukani, anavyopitiliza njia za kuchepukia, anavyokataa kuajiri dereva hata watoto wake wakimlipia. Mmeniuliza mfanyeje. Tulieni vitini, shikeni boksi vizuri magotini, na akikosea njia mwambieni taratibu. Mwacheni aendeshe.